Kisha Windows 10: kompyuta za nyumbani Lubumbashi ziko na njia gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft ya Marekani iliacha kutuma masahihisho ya usalama ya kila mwezi kwa Windows 10. Kwa wakaaji wa Lubumbashi, siku hiyo haikuwa na kelele yoyote. Kompyuta hazikuzimika. Mwenye kuandika aliandika, mwenye kuangalia filamu aliangalia, na pale umeme ulipokatika watu walingojea urudi, sawa vile wamezoea. Ndiyo sababu wengi hawakujua kama kuna mlango umefungwa.

Lakini jambo hilo linagusa nyumba nyingi za mji huu. Linagusa mwanafunzi wa Kasapa ambaye kazi yake ya mwisho wa masomo iko ndani ya laptop moja tu. Linagusa mama mwenye sekretaria ndogo ya kuandika na kuchapa. Linagusa na papa aliyenunua mashini ya okazioni ya Ulaya juu watoto wasome. Kwa hao wote ulizo ni moja: kompyuta bado inafanya kazi vizuri, feza ya kununua ingine haiko, sasa wafanye nini?

Jibu moja limekuwako kwa miaka mingi, lakini kwetu watu wanaliangalia kwa mashaka. Ni programu huru, zile mtu anapata bila kulipa na bila kuiba. Mbele ya kuzisifu au kuzikataa, ni vizuri kuelewa kwanza mambo yalivyo.

Tarehe ile inamaanisha nini

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Kwa miaka 10, kila Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft ilituma masahihisho, yale wafundi wetu wanaita mizajuru. Wengi wanayachukia juu yanakula mega na yanachelewesha mashini. Lakini kazi yake kubwa ni kuziba matundu. Kila programu kubwa iko na makosa ndani, na wezi wanayatafuta mchana na usiku. Tundu likijulikana, mtengenezaji analiziba. Sasa kwa Windows 10, matundu mapya yatajulikana lakini hayatazibwa tena. Ni sawa na nyumba yenye kufuli nzuri, lakini wezi wamekwisha kujifunza kuifungua, na fundi wa kufuli hapiti tena.

Mfano unajulikana. Mwezi wa Machi 2017, Microsoft ilitoa sahihisho la tundu moja la hatari. Tarehe 12 Mei mwaka ule, virusi iliyoitwa WannaCry ilipita palepale na kufunga mafaili ya watu katika inchi zaidi ya 150, ikidai malipo. Ku Uingereza, hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa. Mashini zilizokuwa zimepokea sahihisho la Machi zilikuwa zimefungiwa mlango huo. Wengi walioumia ni wale hawakupokea, au walikatalia na Windows za zamani.

Siku ileile ya 14 Oktoba 2025, Office 2016 na Office 2019 nazo zilifika mwisho. Kwa hiyo mwenye Windows 10 na Word ya 2016, jambo linalomgusa ni mara mbili.

Juu ya nini Windows 11 inakataa kuingia

Mtu atasema: basi tupande ku Windows 11, si inatolewa bila malipo kwa mwenye Windows 10 halali? Ni kweli, lakini Windows 11 inachagua mashini. Inaomba memori ya gigabaiti 4 kwenda juu, nafasi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa ambayo haizidi uzee fulani. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzishwa 2017.

Kila mtu anaweza kuangalia mwenyewe. Mashini ikiandikwa i5-4300U, ile namba 4 ya kwanza kisha kistari inasema ni kizazi cha 4. Ikiandikwa i5-6300U ni kizazi cha 6. Zote mbili Windows 11 inazikataa. Ikiandikwa i5-8250U ni kizazi cha 8, hiyo iko na nafasi. Mtu anayekwenda kununua laptop ya okazioni leo, asiangalie tu rangi na ukubwa wa diski. Asome namba hiyo mbele ya kutoa feza, juu muuzaji hatamwambia.

Kuna wafundi wanaojua kulazimisha Windows 11 ku mashini ya zamani. Inawezekana, lakini Microsoft yenyewe inasema haiahidi masahihisho kwa mashini ya namna hiyo. Ni kuhamisha shida, si kuimaliza.

Kuna mlango mdogo ulioachwa wazi. Mwenye Windows 10 halali ya nyumbani, toleo la 22H2, anaweza kujiandikisha apate masahihisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Nje ya Ulaya anaweza kulipa dola 30, au kutumia alama 1000 za Microsoft, au asilipe kitu kama anakubali kuunganisha mashini na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake ku intaneti. Mwenye kuweza, afanye. Lakini ile ni kurefusha siku, na neno "halali" ndilo linawaacha wengi nje.

Bei iliyofichwa ya kraki

Hapa ndipo Lubumbashi inafanana na miji mingi ya Afrika. Windows iliyo ndani ya kompyuta nyingi za nyumba haikununuliwa. Mteja anapeleka mashini kwa fundi, anasema "yaya, unitengenezee, iko nzito", fundi anaiformate, anaweka Windows na Office kutoka flashi yake, anaaktive kwa kraki, anapokea makuta yake. Kila mtu anarudi na furaha. Kwa wakati.

Kisheria ni kuvunja leseni. Lakini hata mtu asiyejali leseni, iko na sababu ingine ya kujali. Kraki nyingi hazifanye kazi mpaka antivirusi izimwe. Yaani mwenye nyumba anaombwa afunge mbwa kwanza, kisha amwingize mgeni asiyemjua. Mwaka 2021, watafiti wa usalama walieleza kama watu waliotafuta kraki inayoitwa KMSPico walikuwa wanapata ndani yake virusi inayoiba nywila na feza za kidijitali. Virusi ingine, iliyojulikana kwa jina STOP, ilienea zaidi sana kwa njia ya kraki: inafunga picha na maandiko yote ya mtu, kisha inaandika barua ya kudai dola.

Kwa kampuni kubwa, hiyo ni hasara ya kulipa. Kwa mwanafunzi aliyebakiza juma moja kuweka kazi yake mbele ya walimu, ni mwaka mzima. Hapa kwetu mtu anaweka mambo yote mahali pamoja: mafaili ku laptop, kopi ku flashi moja, na flashi ileile inazunguka kila sekretaria ya kando ya univesite. Kila mtu anajua ile virusi inayoficha mafolda na kuacha vijialama vya njia ya mkato. Flashi inaonekana imejaa, lakini ukifungua hakuna kitu. Mtu analia, kumbe mafaili yamefichwa tu. Lakini siku virusi ni ya kweli ya kufunga mafaili, hayarudi.

Bure na huru si neno moja

Watu wengi wakisikia programu isiyolipishwa, wanasema palepale: "Kitu ya bure haina nguvu." Hapo ndipo iko kosa. Kifaransa kinatenga gratuit na libre. Kiswahili nacho kiko na bure na huru. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mambo hayo mawili, na hilo limechanganya dunia nzima.

Mwezi wa Septemba 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza programu ambazo mtumiaji anabaki na mamlaka juu yake. Mawazo hayo yalipangwa kisha kuwa haki 4: kutumia programu kwa kazi yoyote, kufungua na kuona ginsi imetengenezwa, kuikopi na kumpa jirani, na kuibadilisha na kugawa ile uliyobadilisha. Programu yenye haki hizo ni huru. Kwa kawaida inakuwa bure pia, lakini bure inafuata nyuma tu.

Programu ya bure isiyo huru ni jambo lingine. WPS Office, kwa mfano, inapatikana bila kulipa, lakini iko na matangazo, sehemu zingine ni za kulipia, na hakuna anayeweza kuangalia ndani. CCleaner, ile wengi wanatumia kusafisha mashini, ilipata shida mwaka 2017: wezi waliingia kwa watengenezaji na kuweka virusi ndani ya toleo halali, na watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wamelipokea.

Programu huru haiko takatifu. Mwezi wa Machi 2024, mlango wa siri ulikutwa ndani ya kifaa kidogo kinachoitwa XZ, kinachotumiwa na Linux. Mtu aliyeukuta ni injinia mmoja aliyeona kama mashini yake inachelewa kwa nusu ya sekunde hivi. Alifungua, akaangalia, akaona, akatangaza kwa wote, mbele ya toleo lile kuenea katika mashini nyingi. Hiyo ndiyo tofauti: makosa yako pande zote, lakini penye mlango wazi yeyote anaweza kuangalia.

Zile zinazofaa kwa nyumba

Si lazima kuacha Windows kwa siku moja. Programu hizi zote zinaingia ku Windows pia, na mtu anaweza kuanza na moja.

Kuandika na kuhesabu. LibreOffice iko na sehemu ya maandiko, ya mahesabu na ya kuonyesha, na inafanya kazi kwa Kifaransa chote. Ilizaliwa Septemba 2010, pale watengenezaji wa OpenOffice walipojitenga. Inafungua mafaili ya Word na Excel, na inatoa PDF kwa kubonyeza mara moja. Kwa barua, faktire, orodha ya wanafunzi au kazi ya mwisho wa masomo, inatosha.

Filamu na muziki. VLC inajulikana na wengi kwa alama yake ya koni ya barabarani, lakini si wote wanajua kama ni programu huru. Ilianza 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris. Inafungua karibu kila faili ya video inayopita ku flashi, bila kuomba kitu cha kuongeza.

Kufungua mafaili yaliyofungwa. Watu bado wanatafuta kraki ya WinRAR, na hakuna haja. 7-Zip ni ndogo, haifiki hata megabaiti 2, inafungua zip na rar.

Intaneti. Firefox iko huru, na ukiiongezea uBlock Origin inazuia matangazo mengi. Kwa mji ambao watu wananunua mega kwa forfe, kuzuia matangazo ni kuokoa makuta.

Sauti na picha. Audacity inakata na kusafisha sauti, na redio nyingi ndogo zinaitumia. Kwaya inayotaka kurekodi nyimbo inaweza kuanza nayo. GIMP inatengeneza picha, Inkscape inachora mabango na alama.

Ramani. Kwa mji wa madini, QGIS ni ya kuangalia sana. Mwanafunzi wa jiolojia anaweza kutengeneza ramani za kweli nyumbani kwake bila kutafuta kraki ya programu ambayo leseni yake inapita bei ya laptop yenyewe.

Watoto. GCompris, ambayo jina lake ni mchezo wa maneno ya Kifaransa kwa "nimeelewa", iko na michezo mingi ya kuhesabu, kusoma na kutumia panya, kwa watoto wa miaka 2 mpaka 10. Ikiisha kuingia, haiombe intaneti.

Maktaba. Kiwix inamwezesha mtu kuweka Wikipedia ndani ya diski na kuisoma bila intaneti. Wikipedia yote ya Kifaransa na picha inaomba makumi ya gigabaiti, lakini kuna mafungu madogo ya somo moja moja, na ile ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Watu wa inchi hii wanakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, pale intaneti ilikatwa kisha uchaguzi, ikakaa karibu siku 20. Shule yenye Kiwix siku zile ingeendelea kusoma.

Nywila. KeePassXC inaweka nywila zote ndani ya faili moja lililofungwa. Hiyo inapita kile kikaratasi kilichobandikwa kando ya kioo.

Kwa upande wa antivirusi, Windows 10 na 11 ziko na Defender ndani, bila kulipa. Kwa nyumba inafaa, ila tu isizimwe juu ya kuingiza kraki.

Mwenye kutaka kuhama kabisa

Kwa mashini ambayo Windows 11 inaikataa, njia ya kudumu ni kubadilisha mfumo wote na kuweka Linux. Ziko nyingi. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, na jina lake linatoka kwa lugha za huko. Waluba wa kwetu wanasema bumuntu, Kiswahili kinasema utu. Linux Mint ilitoka 2006, na sura yake inafanana na Windows: iko na kibonyezo chini kushoto, na orodha ya programu ndani yake. Inaomba memori ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni vizuri zaidi. Mashini dhaifu inafaa ipate ile inayoitwa Xfce.

Uzuri mmoja ambao wengi hawaujui: Linux inaweza kujaribiwa kutoka flashi bila kugusa Windows iliyo ndani. Mtu anawasha kompyuta na flashi, anaangalia kama sauti inatoka, kama Wi-Fi inashika, kama mashini ya kuchapa inajibu. Asiporidhika, anazima, anatoa flashi, Windows yake iko palepale. Akiridhika, ndipo anaiingiza.

Lakini mbele ya kuingiza, mambo 3. Kwanza, mafaili yote yakopiwe ku diski ingine ya nje, na mtu afungue mamoja kuhakikisha kama yanasomeka. Pili, betri iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashini inaweza kubaki bila mfumo wowote. Tatu, fundi aulizwe wazi kama amekwisha kufanya kazi hiyo, juu wengine wanajifunzia ku mashini ya mteja.

Faida moja inaonekana haraka. Zile virusi za flashi zinazosumbua Windows, nyingi haziwezi kufanya kazi ku Linux. Sekretaria yenye mashini moja ya Linux inaweza kuifanya iwe mahali pa kupokea na kusafisha flashi za wateja mbele ya kuziingiza ku mashini zingine.

Pale inapokwama

Makala ya haki lazima iseme na upande wa pili. Kwanza ni mafaili. LibreOffice inafungua Word, lakini andiko lenye majedwali mengi na picha linaweza kusogea: ukurasa wa 12 unakuwa wa 13, na orodha ya yaliyomo inaharibika. Mwanafunzi ambaye mwalimu wake anasahihisha ku Word ataumizwa na hilo. Dawa ni kumwonyesha kwa PDF, au kukubaliana na mwalimu tangu mwanzo, au kumalizia mpangilio ku mashini yenye Word halali. Si kungojea usiku wa mwisho.

Pili ni kazi za ofisi. Programu kadhaa za hesabu ambazo kampuni zinatumia kwa kufuata kanuni za OHADA zinaingia ku Windows tu. Mtu anayetafuta kazi ya kompta anaombwa kujua hizo, si kitu kingine. Kumwambia kijana wa namna hiyo aache Windows yote ni kumdanganya.

Tatu ni vifaa. Wi-Fi za laptop zingine na mashini za kuchapa za aina fulani zinakosa piloti ku Linux. Ndiyo maana kujaribu na flashi ni lazima.

Nne ni watu. Fundi anayeishi kwa kuformate anapata mteja uleule kila miezi michache, juu ya kraki na virusi. Mashini isiyoharibika haimletee chakula. Hiyo si ubaya wa moyo, ni namna soko limepangwa. Lakini fundi anayejua Linux anaweza kulipwa kwa kuhamisha, kufundisha na kulinda mafaili. Vijana wanaotoka shule za informatiki za mji, sawa ESIS Salama ya Wasalesiani, wanakutana na Linux, juu ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Ujuzi wa namna hiyo ukifika ku meza ya fundi wa kartie, mambo yatabadilika.

Hata serikali za mbali hazikupata njia moja. Gendarmerie ya Ufaransa ilianza na OpenOffice mwaka 2005, kisha ikaenda ku Ubuntu kuanzia 2008, na iko na makumi ya maelfu ya mashini za namna hiyo. Mji wa Munich, ku Ujerumani, ulianza 2004, kisha 2017 ukaamua kurudi ku Windows. Mfano wa kwanza unaonyesha kama inawezekana. Wa pili unaonyesha kama bila utashi na bila kufundisha watu, haidumu.

Lugha nayo iko na maana. Mwaka 2004, kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Halikuomba ruhusa ya kampuni yoyote, juu leseni huru iliwapa haki ya kubadilisha. Kazi ya namna hiyo inawezekana na kwa Kiswahili cha Katanga, siku vijana wa hapa wataamua.

Mega, flashi na jirani

Kizuizi kikubwa kwa nyumba nyingi si akili wala utashi, ni mega. LibreOffice ya Windows inakula karibu megabaiti 350. Linux Mint ni karibu gigabaiti 3. VLC na Firefox ni makumi ya megabaiti kila moja. Mtu anayenunua forfe ya siku hawezi kuvuta hayo yote peke yake.

Lakini hapa programu huru inakutana na desturi ya Lubumbashi. Watu wa mji huu wamezoea kupitisha filamu, nyimbo na programu kutoka mkono mpaka mkono kwa flashi. Kwa Office ya kraki, desturi hiyo ni kuvunja leseni na kusambaza virusi. Kwa LibreOffice, VLC au Linux Mint, desturi hiyohiyo ni halali, na watengenezaji wenyewe wanaiomba. Mtu mmoja anavuta mara moja, kartie nzima inakopi. Darasa linaweza kuchanga kwa forfe moja. Parokia, shule au sekretaria inaweza kuweka diski moja safi ambayo kila mtu anakuja kukopia.

Sharti ni moja: kuvuta kutoka nyumba ya mtengenezaji mwenyewe. Yaani libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org, mozilla.org, linuxmint.com, kiwix.org. Ukitafuta ku Google, zile za juu kabisa zenye alama ya tangazo mara zingine ni za wadanganyifu wanaoongeza kitu chao ndani. Na flashi ya kugawia isichanganywe na flashi ya kutembeza ku siber.

Mpaka Oktoba 2026

Kwa kufupisha, nyumba ya Lubumbashi yenye Windows 10 iko na njia 4. Mwenye mashini ya kizazi cha 8 kwenda juu na Windows halali, apande ku Windows 11. Mwenye Windows 10 halali lakini mashini ya zamani, ajiandikishe kwa masahihisho mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na atumie miezi hiyo kujitayarisha. Mwenye Windows ya kraki na mashini ya zamani, ajaribu Linux Mint kwa flashi. Na asiyeweza lolote kati ya hayo kwa sasa, walau atoe kraki, aweke programu huru badala yake, na asitumie mashini hiyo kwa mambo ya feza.

Shule na univesite nazo ziko na sehemu yao. Mwalimu akikubali kazi kwa PDF au kwa faili la LibreOffice, amekwisha kuondoa sababu kubwa inayomsukuma mwanafunzi ku kraki. Hilo haliombi bajeti wala ruhusa ya Kinshasa.

Na kwa kila mtu, hata yule hatabadilisha kitu: leo hii akopi mafaili yake ya maana ku diski ya pili, aiweke mbali na kompyuta, na asiitoe ovyo. Programu inapatikana tena kwa mega. Kazi ya miaka 3 na picha za wazazi waliokwisha kufa hazipatikani tena popote.